Uagize virusi vya mimea wapi: hazina kubwa, friza ya mwenzako au kloni?

Chukua vichupa viwili vya zamani vilivyoandikwa TMV, kimoja kikiwa na U1 na kingine U2. Enzi hizo vyote viwili vilihesabiwa kuwa kirusi cha batobato ya tumbaku, tofauti yao ikiwa ya ndani ya ukoo tu. Leo U1 bado ni TMV, lakini U2 imehamishiwa spishi nyingine, ile ya batobato hafifu ya kijani ya tumbaku. Ile "aina ya nyanya" iliyojaa kwenye makala za zamani chini ya jina hilohilo la TMV, sasa ni ToMV, kirusi cha batobato ya nyanya. Upande wa pili, vulgare iliyofanyiwa kazi Tübingen, Ujerumani, na U1 ya California, ambazo kwa majina ungedhani hazijuani, huhesabiwa kuwa karibu kitu kimoja.

Kwa hiyo anayeuliza "nitapata wapi TMV?" bado hajauliza swali lenyewe. TMV ipi, iliyotoka wapi, iliyopitia mikononi mwa nani? Neno litakalojirudia hapa ni aizoleti: kirusi kilichochukuliwa kutoka mmea fulani, mahali fulani, siku fulani, kikatunzwa peke yake tangu hapo. Spishi ni jina la ukoo, aizoleti ni mtu mwenyewe. Karibu nyumba zote nitakazozilinganisha, hasa hazina, yaani taasisi zinazohifadhi vijiumbe, zinauza au kugawa aizoleti, na tofauti kubwa kati yao ni kiasi wanachoweza kukueleza kuhusu huyo mtu.

Ulinganisho huu ni kwa anayetaka kuagiza: mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mimea, mtafiti wa ukinzani wa mbegu. Sitaficha maoni yangu.

Kitambulike au kiishi?

Kabla ya kufungua katalogi yoyote, amua kama unahitaji kirusi kitambulike tu au kiishi.

Maabara inayotaka kuhakikisha kwamba kipimo chake cha ELISA (kinachotumia kingamwili) au PCR (kinachokuza kipande cha DNA) kinafanya kazi inahitaji kirusi kitambulike. Protini ya ganda iwepo ili kingamwili ziishike, au RNA iwepo ili isomwe. Jani lililokaushwa linatosha. Mara nyingi hata kidhibiti chanya kinachouzwa na kampuni za vifaa vya upimaji, kama Agdia ya Marekani au Bioreba ya Uswisi, kinatosha kabisa. Hicho kimetengenezwa ili kipimo kiseme "ndiyo". Ukikisaga na kukipaka kwenye jani ukitarajia ugonjwa, umekipa kazi isiyo yake.

Kuna njia nafuu zaidi ya hiyo, nayo ni kipande cha DNA kilichotengenezwa kwa oda kulingana na mfuatano unaojulikana. Kitathibitisha kwamba PCR yako inakuza kile inachopaswa kukuza. Lakini hakitakuambia kama njia yako ya kutoa RNA kwenye jani lenye utomvu mzito inafanya kazi, wala kama hatua ya kugeuza RNA kuwa DNA ilifaulu. Maabara nyingi hugundua pengo hilo siku ya ukaguzi.

Anayepima ukinzani wa mbegu yuko kwenye kundi jingine. Vivyo hivyo anayechunguza jinsi vidukari wanavyobeba kirusi, au anayetaka kujua kwa nini aizoleti moja inaua mmea na nyingine inaupaka mabaka tu. Hao wanahitaji kirusi hai, tena chenye tabia zake za shambani. Gharama, makaratasi na usiku wa mawazo huanzia hapo. Nimewaona watu wakisubiri kibali kwa miezi ili kupata kirusi hai, kumbe kazi yao yote ilikuwa kuweka alama ya "chanya" kwenye sahani ya ELISA.

Kundi la tatu halina mahali pa kuagiza. Tangu 2017 wanaoainisha virusi duniani wamekubali kwamba kirusi kinaweza kupewa nafasi kwenye uainishaji kwa mfuatano wa jenomu (jumla ya jeni zake) peke yake, bila mtu kuwa amekitenga. Vipo vingi vya mimea vya namna hiyo. Ukiona spishi ina jina rasmi na mfuatano kwenye GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano, lakini haipo kwenye katalogi hata moja, huenda tatizo si katalogi. Huenda hakuna aliyewahi kukishika.

DSMZ na ATCC uso kwa uso

Wengi huishia kuchagua kati ya nyumba hizi mbili. ATCC ni kongwe zaidi: ilianzishwa 1925, na makao yake yako Manassas, Virginia, nchini Marekani. DSMZ ilianza 1969 Göttingen, na sasa iko Braunschweig, Ujerumani. Zote zinahifadhi bakteria, kuvu, seli na mengineyo, hivyo virusi vya mimea ni chumba kimoja katika jumba kubwa.

Tofauti ni jinsi chumba hicho kinavyokaliwa. DSMZ ina idara nzima ya virusi vya mimea, yenye watafiti wanaovifanyia kazi wenyewe. Hilo linaonekana kwenye bidhaa: karibu na aizoleti utakuta antisera (maji ya damu yenye kingamwili) ya kuitambua na vidhibiti vyake, hivyo maabara inaweza kujenga kipimo kizima kutoka chanzo kimoja. Linaonekana pia unapouliza swali, maana anayejibu ana uwezekano wa kuwa ameusugua mmea huo kwa mkono wake. Kwa mtu anayeanza, huduma hiyo ina thamani kuliko orodha ndefu.

Nguvu ya ATCC ni historia. Sehemu kubwa ya majaribio ya Kimarekani ya karne ya 20 ilifanywa kwa aizoleti zilizowekwa huko, na namba zake zimeandikwa kwenye makala. Ukitaka kurudia jaribio la miaka arobaini iliyopita, na mwandishi ametaja namba ya ATCC, huna sababu ya kutafuta mbadala Braunschweig. Agiza namba ileile. Ila kwanza uliza kama bado inatolewa. Kuwepo kwenye orodha ya zamani si ahadi kwamba kichupa kipo, na katika hazina yoyote kuna aizoleti ambazo hazikuamka zilipojaribiwa mara ya mwisho.

Mtego mmoja huwanasa hata wazoefu: nyumba zote mbili hutumia herufi PV kwa virusi vya mimea. Makala ikiandika "PV" na namba bila kutaja nyumba, usikisie. Namba za DSMZ kwa kawaida huwa na tarakimu nne, zikitanguliwa na sifuri inapobidi. Za ATCC hazijazwi sifuri. Hiyo ni dalili tu. Hakikisha kwa kulinganisha jina la kirusi, mmea kilikotoka na jina la aliyekiweka.

Kwa wanaofikiria hataza, zote mbili zinatambuliwa kuwa mamlaka za kimataifa za kuhifadhi vijiumbe chini ya Mkataba wa Budapest wa 1977, hivyo hapo zimefungana.

Maoni yangu: kwa kirusi hai, usipokuwa na namba inayokubana, anza na DSMZ. Nenda ATCC pale makala inapokupeleka.

Nyingine, kwa kifupi

Japani ina benki ya jeni ya NARO huko Tsukuba, ambayo namba zake huanza na MAFF. Inahifadhi vijiumbe vya kilimo, virusi na viroidi (RNA tupu inayoambukiza mimea) vikiwemo. Ni mahali pa kutazama unapotafuta aizoleti za Asia ya Mashariki, hasa za mimea ambayo Ulaya haijaipa uzito.

EVA, hifadhi ya Ulaya ya virusi, ilianza 2009 ikiratibiwa kutoka Marseille, Ufaransa. Usiifikirie kama jengo lenye friza moja. Ni mtandao wa maabara zenye dirisha moja la kuagizia, na virusi vya binadamu, wanyama na mimea vimo. Ukikuta humo kirusi cha mmea, angalia ni mwanachama gani anayekishika, kwa sababu huenda ni nyumba ambayo ungeiandikia moja kwa moja.

EPPO-Q-bank ni kitu kingine kabisa, na watu huichanganya na hazina. Ilianzia Uholanzi, na tangu 2019 iko chini ya EPPO, shirika la afya ya mimea lenye makao Paris. Inatunza taarifa za vijidudu vya karantini: mifuatano iliyohakikiwa, na kumbukumbu ya vielelezo inakotoka. Huendi huko kuchukua kichupa. Unakwenda kujua ni mfuatano upi unaostahili kuaminiwa, na hilo ni jambo kubwa, maana GenBank inapokea chochote mtu alichokiita kwa jina alilolipenda.

Kilichomo ndani ya kichupa

Sehemu hii nairefusha kwa makusudi, kwa sababu katalogi huifupisha.

Virusi vya mimea havifanani kwa uvumilivu. TMV kwenye jani kavu inaweza kukaa miongo na bado ikaambukiza, ndiyo maana kila mtu anayo, hata asiyeitaka. Kirusi cha mnyauko wa madoa ya nyanya, TSWV, kikiwa kwenye maji ya jani lililosagwa hakimalizi siku. Kwa hiyo hazina hutumia njia mbalimbali. Kuna vipande vya jani vilivyokaushwa juu ya kalisi kloridi kwenye baridi ya jokofu. Kuna majani yaliyogandishwa kisha yakakaushwa kwa ombwe. Kuna tishu kwenye naitrojeni ya maji. Na kuna mimea hai ndani ya nyumba ya vioo, kwa virusi visivyokubali njia nyingine yoyote.

Hii ya mwisho ndiyo ghali na ndiyo hatari. Fikiria kirusi cha kujikunja kwa majani ya viazi, au kile cha kichwa shada cha migomba. Vyote viwili hukaa kwenye mishipa inayosafirisha chakula cha mmea, na havipiti kwa kupaka maji ya jani. Cha viazi kinahitaji vidukari au kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mmea mgonjwa kwenye mzima. Cha migomba kinategemea kidukari wa migomba, Pentalonia nigronervosa, au mche wenyewe ulioambukizwa. Ukipewa jani lililokaushwa la kirusi cha namna hii, una kidhibiti kizuri cha kipimo na huna zaidi ya hapo. Kabla ya kulipa, uliza swali la kitoto kabisa: nikikipokea, nitakiingizaje kwenye mmea? Kama jibu ni mdudu, je, unaye mdudu huyo, na kibali cha kumfuga?

Halafu kuna suala la kupitishwa. Kirusi kinachohamishwa kutoka mmea hadi mmea kwa mkono, mwaka baada ya mwaka, hakina tena sababu ya kutunza uwezo wa kubebwa na mdudu. TSWV ikipitishwa hivyo mara nyingi hupoteza utando wake wa nje, na bila utando huo thiripi, wadudu wadogo wanaoisambaza, hawaibebi. Katika mmea inaendelea kustawi, na dalili unaziona, lakini nusu ya biolojia yake imekwisha. Kwenye kundi la kirusi Y cha viazi (PVY) na jamaa zake, badiliko la amino asidi moja tu karibu na mwanzo wa protini ya ganda, pale wataalamu wanapopaita DAG, linatosha kuwafanya vidukari washindwe kukibeba. Mtafiti wa wadudu anayeagiza aizoleti yenye historia ndefu ya kupakwa kwa mkono atapoteza msimu mzima akiwalaumu vidukari wake.

Jina la spishi halitakuokoa hapa pia. Kirusi Y cha viazi kina makundi ndani yake: O, C, N, na lile la NTN linaloacha pete zilizokufa kwenye kiazi chenyewe. Mbegu inayokinza moja inaweza kuangushwa na nyingine. "PVY hai" kwenye fomu ya oda ni sawa na kuagiza "gari".

Kwa hiyo katika ukurasa wa aizoleti mimi huruka jina na kusoma yafuatayo kwanza: ilitoka mmea gani, nchi gani, mwaka gani, nani aliitenga, imekuzwa kwenye mmea gani tangu hapo, ilisafishwa kwa kuchukua kidonda kimoja au ilichukuliwa jani zima, na mfuatano ulisomwa kutoka kwenye jani la shambani au kutoka kwenye kile kitakachotumwa kwangu. Swali la mwisho ndilo linalojibiwa mara chache zaidi. Hazina ikilijibu bila kuulizwa, iongezee alama.

Majina nayo yanahama. Katika miaka hii ya karibuni wanaoainisha virusi wamezipa spishi majina ya sehemu mbili, kama ilivyo kwa mimea na wanyama, na TMV sasa imo katika spishi Tobamovirus tabaci. Katalogi zinabadilika polepole kuliko orodha rasmi. Tafuta kwa jina la zamani, kwa kifupisho na kwa jina jipya, kabla hujasema haipo.

Friza ya mwenzako

Hii haina katalogi, na bado aizoleti nyingi husafiri kwa njia hii: barua pepe kwa mwandishi wa makala, bahasha, jani lililokunjwa kwenye karatasi.

Faida zake ni za kweli. Aizoleti ni mbichi, pengine imepitishwa mara moja au mbili tu. Mwenye nayo anakumbuka shamba, mvua, na mmea jirani ulikuwa gani. Hakuna bei. Na mara nyingi ndipo mahali pekee ilipo, kwa kuwa waandishi wengi hawaweki virusi vyao kwenye hazina yoyote baada ya kuchapisha.

Hasara hujitokeza baadaye. Mwenzako akistaafu au umeme wa friza ukikatika wikendi, kirusi cha makala yako hakipo tena, na hakuna wa kurudia kazi yako. Mrija wake mara nyingi haujawahi kuchunguzwa kama una kimoja au vitatu. Niliwahi kupewa "kirusi Y safi" kutoka kwa mtu makini ninayemheshimu. Nilikipaka kwenye Nicotiana glutinosa, jamaa wa tumbaku, kwa mazoea tu. Kirusi Y kingeleta batobato ya taratibu kwenye mmea mzima. Baada ya siku chache nikaona vidonda vidogo vikavu pale nilipopaka. Hiyo ni sahihi ya TMV kwenye mmea huo. Francis Holmes aliieleza njia ya kuhesabu vidonda hivyo 1929, na bado hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho. TMV ilipanda kwenye mkono wa mtu, kwenye benchi, kwenye chungu, nani ajuaye.

Ukiamua kuchukua kwa mwenzako, chukua, lakini kwa sharti mnaloliandika: nani ana haki ya kuigawa tena, ilitoka wapi, na nani kati yenu ataipeleka kwenye hazina kabla makala haijatoka. DSMZ na ATCC hupokea aizoleti za watafiti wa nje, na namba utakayopewa ndiyo itakayomwezesha msomaji wako kupata kirusi hichohicho.

Kloni badala ya aizoleti

Mwaka 1984 Paul Ahlquist na wenzake walionyesha kwamba RNA iliyonakiliwa kwenye mrija kutoka nakala ya DNA ya kirusi cha batobato ya brome, aina ya nyasi, inaambukiza mmea. Tangu hapo kirusi kinaweza kuhifadhiwa kama kloni, yaani plasmidi (pete ndogo ya DNA) ndani ya bakteria, na kila unapokihitaji unakiamsha upya. Siku hizi kazi hiyo mara nyingi hufanywa na Agrobacterium, bakteria inayoingiza DNA ndani ya mmea, inayosukumwa kwa sirinji ndani ya jani la Nicotiana benthamiana.

Kwa usafi na kurudiarudia jaribio, kloni inazishinda hazina zote. Mfuatano unajulikana herufi kwa herufi. Hakuna TMV iliyojificha. Huna haja ya kupitisha mmea hadi mmea, kwa sababu unarudi kwenye plasmidi kila mara. Addgene, iliyoanzishwa 2004 na iliyoko Massachusetts, inagawa plasmidi za watafiti, zikiwemo vekta (virusi vilivyogeuzwa vibebe jeni) za kirusi cha kelele cha tumbaku, TRV, zinazotumika kunyamazisha jeni za mmea. Kama lengo lako ni kunyamazisha jeni, usihangaike na aizoleti hai hata kidogo. Chukua vekta.

Lakini kloni ni nakala ya jenomu moja. Aizoleti ya shambani ni kundi la jenomu zinazotofautiana kidogo, na wakati mwingine ukinzani wa mbegu huvunjwa na mmoja wa wale wachache pembeni. Unapopima mbegu kwa kloni peke yake unaipima dhidi ya askari mmoja badala ya jeshi. Kloni pia hurithi ulemavu wa mzazi: ikitengenezwa kutoka aizoleti iliyokwishapoteza uwezo wa kubebwa na vidukari, itakuwa kilema tangu kuzaliwa. Na njia ya sirinji inaruka mlango wa asili wa kirusi, hivyo mmea unaokinza kwa kumzuia mdudu asile hautaonyesha ukinzani wake.

Si kila kirusi kina kloni. TRV ina vipande viwili vya jenomu, na plasmidi mbili zinatosha. TSWV ina vipande vitatu vya RNA ya mkondo hasi, na haikuamshwa nzima kutoka kloni hadi 2020. Kwa vingine bado unahitaji jani. Zaidi ya hayo, katika nchi nyingi kloni inayoambukiza iko chini ya sheria za viumbe vilivyobadilishwa jeni, jambo ambalo aizoleti ya kawaida haliihusu.

Makaratasi, kwa sababu ndiyo yanayoamua

Kuna vibali vya aina mbili na watu huvichanganya. Cha kwanza ni cha afya ya mimea: nchi unakopokelea inataka kujua kirusi gani kinaingia, kwenda chumba gani, chini ya ulinzi gani. Marekani ni kibali cha APHIS, idara ya serikali ya afya ya mimea na wanyama, kwa fomu ya PPQ 526. Umoja wa Ulaya, kwa vijidudu vya karantini, ni barua ya idhini chini ya Kanuni 2019/829. Kwingineko ni mamlaka ya taifa ya afya ya mimea. Hazina makini haitatuma kabla ya kukiona kibali. Ukiona mtu yuko tayari kukutumia bila hicho, usifurahi.

Cha pili kinahusu haki ya nchi kilikotoka kirusi. Itifaki ya Nagoya, inayohusu kugawana manufaa ya rasilimali za jenetiki, ilikubaliwa 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014. Hapa hazina kubwa zinaishinda friza ya mwenzako waziwazi. Chini ya Kanuni 511/2014, Umoja wa Ulaya una rejista ya hazina zilizokaguliwa, na mtumiaji anayechukua kutoka hazina iliyo kwenye rejista huhesabiwa kuwa ametimiza wajibu wa kutafuta taarifa. DSMZ ilikuwa ya kwanza kuandikwa humo, 2018. Jani la kwenye bahasha halina ulinzi huo, na mwenye kulipa faini baadaye ni mpokeaji.

Soma pia mkataba wa kuhamisha nyenzo. Karibu zote zinakataza kumgawia mtu wa tatu. Mwenzako wa chumba cha pili akitaka, aagize mwenyewe.

Kuhusu usafirishaji sina mengi. Jani lililokaushwa husafiri kwenye joto la kawaida, na hiyo ni sababu kubwa ya kulipendelea. Tishu iliyogandishwa huhitaji barafu kavu, UN1845 kwenye makaratasi ya ndege, na kila siku ambayo mzigo unakaa forodhani ni siku ya barafu kupungua.

Basi wewe uchague nini

Kama ni kipimo tu, nunua kidhibiti chanya. Ukihitaji kuonyesha mkaguzi kilikotoka, chukua jani kavu lenye namba kutoka DSMZ pamoja na antisera yake. Kama unarudia kazi ya zamani, fuata namba iliyoandikwa kwenye makala, popote itakapokupeleka, na uiandike tena kwenye makala yako ikiwa na jina la nyumba. Kwa kunyamazisha jeni au kuchunguza kazi ya jeni moja ya kirusi, kloni.

Kwa kupima ukinzani wa mbegu sikubali chanzo kimoja. Chukua aizoleti moja ya hazina iwe rejea, ili wengine waweze kujilinganisha nawe, na nyingine mbili tatu mbichi za shambani kutoka eneo mbegu itakakopandwa. Rejea peke yake itakuambia mbegu yako inashinda kirusi cha mwaka ambao pengine hukuwa umezaliwa. Kwa kazi ya wadudu, aizoleti mbichi iliyotunzwa kwa mdudu mwenyewe, hata ikibidi kuisubiri.

Mzigo ukifika usiutumie wote. Gawa jani mara mbili, nusu irudi kwenye baridi ikiwa imefungwa pamoja na kikaushio. Nusu nyingine isage kwenye bafa, ipake kwenye mmea wa kukuzia na kwenye Nicotiana glutinosa kando yake, na acha mimea miwili bila kupakwa kitu. Dalili zikitoka, soma mfuatano kutoka kwenye mmea wako, si kutoka kwenye karatasi iliyokuja na mzigo. Kisha kausha majani mengi ya kizazi hicho cha kwanza kwa mkupuo mmoja, uyagawe kwenye vichupa vidogo, na kila jaribio lianze na kichupa kipya. Kwenye lebo andika nyumba, namba, tarehe na neno "kizazi 1", kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi hufutika kwenye naitrojeni ya maji.